DAMU KWENYE BROSI: TUJIFUNZE KUTUNZA FIZI ZETU



Katika somo hili la afya tunataka kusema juu ya jambo ambalo sisi wakuu wa bweni tunaliona karibu kila asubuhi. Mwanafunzi anasugua meno, anatema mate, na mate ni mekundu. Kesho yake anaacha brosi. Ukimuuliza sababu, anajibu: "Brosi inanitosha damu, njo maana nimeiacha." Mwingine anasema ni dawa ya meno ya soko iliyo mbaya. Mwingine anasema ni kitu cha ukoo, kwa sababu baba yake naye alikuwa hivyo. Tuangalie polepole, tuone ukweli uko wapi.

1. Damu inatoka wapi?

Fizi ni ile nyama inayoshika meno. Fizi nzima haitoki damu ukiigusa kwa brosi. Lakini kila siku ukoga unajipaka juu ya meno, zaidi pale jino linapokutana na fizi. Ukoga ule si mabaki ya bugali tu. Ni mikrobe wengi walioshikamana pamoja kama gundi. Wakikaa pale siku nyingi, fizi inavimba, inakuwa nyekundu, na mdomo unanuka. Ukiigusa kidogo tu, damu inatoka. Basi damu ni alama ya kwamba fizi inagonjwa. Brosi imeonyesha ugonjwa, haikuuleta.

2. Jaribio la mwaka 1965

Pengine mtu atasema: "Mnajuaje?" Katika mwaka 1965, Harald Löe na wenzake wa mji wa Aarhus, katika inchi ya Danemark, walitangaza jaribio lao. Walichukua watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi kama sisi, wakawaomba waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na siku 21, fizi za wote 12 ziligonjwa. Kisha wakarudia kusafisha meno, na kwa muda wa karibu juma moja fizi zikapona.

Tunapata hapa mafundisho mawili. La kwanza, kukosa brosi njo kunaleta damu. La pili, ugonjwa huu ukiwa mchanga unapona nyumbani, bila sindano na bila kidonge. Kwa hiyo yule anayeacha brosi kwa sababu ya damu anafanya kinyume kabisa.

3. Ukiachwa, unafika wapi?

Ukoga usiotolewa unakauka, unakuwa mgumu kama jiwe. Mikrobe wanashuka chini ya fizi. Fizi inaachana na jino, na mfupa unaoshika jino unaliwa kidogo kidogo. Hapo jino linaanza kucheza, kiisha linaanguka, hata kama halina tundu. Mfupa ulioliwa haurudi kwa kusugua. Wazee wetu wengi wanaopotewa na meno wanasema, "Ni uzee." Mara nyingi si uzee. Ni ugonjwa huu ulioanza zamani, bila maumivu, na hakuna aliyewaambia. Katika mwaka 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza kwamba watu zaidi ya miliari moja wana ugonjwa mkali wa fizi.

4. Namna ya kufanya bwenini na nyumbani

a) Tusugue meno mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara. Mara ya usiku, mbele ya kulala, isikose kabisa.

b) Tutafute brosi laini. Nywele zake tuzielekeze kwenye mpaka wa jino na fizi, kwa mshazari, kisha tusugue polepole kwa mizunguko midogo. Nguvu ya kufulia nguo haitakiwi hapa, inakwangua fizi.

c) Tusisahau meno ya nyuma, na upande wa ndani ulio karibu na ulimi. Kati ya meno brosi haifiki. Uzi safi unaweza kupita pale taratibu.

d) Dawa ya meno yenye fluori ni nzuri, zaidi juu ya kuzuia matundu. Kipimo cha punje ya maharagi kinatosha. Lakini siku imekwisha, usikae. Kinachotoa ukoga ni kusugua, na brosi na maji safi vinafanya kazi.

e) Fizi ikiwa imevimba, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kopo ya maji ya vuguvugu, sukutua, kisha utema. Chumvi inatuliza, lakini haichukui nafasi ya brosi.

f) Kila mtu na brosi yake. Kuazimana brosi bwenini ni kuazimana damu. Isimamishwe ikauke, na ibadilishwe karibu kila miezi mitatu, au mbele ya hapo kama nywele zimelala.

g) Tule matunda na majani: mapera, machungwa, maracuja, lengalenga. Mwili uliokosa vitamini C fizi zake zinatoka damu. Na tuachane na tumbako, maana inaharibu fizi huku inaficha damu, mtu anadhani yuko mzima.

5. Mambo ya kuacha

Tusisugue fizi kwa mchanga wala kwa makaa. Tusikwangue ule ukoga mgumu kwa wembe, kisu au msumari. Kuutoa ni kazi ya munganga wa meno na vyombo vyake. Tena tusinunue vidonge vya antibiotiki mitaani kila mara fizi inapovimba. Vidonge haviondoi ukoga, na ugonjwa utarudi.

6. Wakati wa kwenda kwa munganga

Tuende kama damu inaendelea nyuma ya majuma mawili ya kusugua vizuri, kama usaha unatoka, kama jino linacheza, kama fizi imeshuka. Uso ukivimba pamoja na homa, tusingoje kesho. Mama mwenye mimba na mtu mwenye ugonjwa wa sukari fizi zao zinagonjwa kwa upesi, basi wajiangalie zaidi.

7. Wadogo zetu

Neno hili tulipeleke nyumbani, Kadutu, Bagira, Ibanda na kule vijijini. Kuna ugonjwa unaoitwa noma. Unashika zaidi watoto wadogo, wa miaka miwili hadi sita, waliokonda kwa njaa au waliotoka kugonjwa surua. Unaanza kwenye fizi, kama kidonda kinachotoka damu na kunuka sana, kisha unakula shavu kwa muda wa siku chache. Bila matibabu wengi wao wanakufa. Ukishikwa mapema unapona. Katika Desemba 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni liliuandika kati ya magonjwa ya inchi za joto yaliyosahauliwa. Kwa hiyo ukiona mdogo wako amekonda na fizi yake inaoza, usimpe maji ya chumvi na kungoja. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Maulizo ya kujijaribu

1) Kwa nini kuacha brosi kunaongeza damu?
2) Jino lisilo na tundu linaweza kuanguka namna gani?
3) Ni alama gani zinazotupeleka kwa munganga?

Tunaomba kila bweni lijaribu siku 14, asubuhi na usiku, bila kuruka. Tuko na kalenda mlangoni kwa kuweka alama. Mwenye kutoka damu asione haya. Aje atuambie, tumsindikize kwa munganga kama siku 14 zimekwisha na damu bado iko.