Tegemeo la Bunduki kwa Mwindaji wa Usiku

Katika jimbo la Texas, Marekani, nguruwe-mwitu ni adui mkubwa wa wakulima. Asili yao ni nguruwe wa kufugwa waliotoroka wakazaliana porini, nao hufukua mashamba ya mahindi na malisho ya ng'ombe. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2019 mtu aliyepewa ruhusa na mwenye ardhi huweza kuwawinda huko bila ya leseni ya uwindaji. Wengi huwinda usiku, kwa darubini zionazo joto la mwili wa mnyama.

Lakini darubini nzuri haimfai kitu mtu ambaye mikono yake inatetemeka. Akilala chini, nyasi ndefu humziba. Na penye uwanda hapana mti wa kuegemea. Hapo ndipo linapohitajiwa tegemeo la miguu mitatu. Wahenga walisema, jifya moja haliinjiki chungu. Nayo mafiga huwa matatu kwa sababu vitu vitatu hutulia hata mahali pasipo sawa.

Fikirini hesabu hii. Mtutu wa bunduki ukipotoka kwa kadiri ya milimita 1 katika urefu wa mita 1, risasi itapotoka sentimita 10 katika mita 100. Hizo zatosha kumjeruhi nguruwe badala ya kumwua, naye aliyejeruhiwa ni hatari, tena huteseka.

Basi anayenunua na aangalie mambo haya:

1. Urefu. Asimame wima, miguu ya tegemeo ikiwa imetanuliwa, na bunduki ifikie bega lake bila ya yeye kuinama. Asiitumainie nguzo ya katikati, kwa maana ikiinuliwa sana huyumba.

2. Nguvu. Miguu minene yenye vipande vichache haipindi upesi. Apime bunduki pamoja na darubini yake, kisha achague tegemeo liwezalo kubeba uzito uliozidi huo.

3. Kitu lilichofanyizwa. Aluminiamu ni ya bei nafuu, lakini ni nzito. Nyuzi za kaboni ni nyepesi kwa mtu atembeaye mbali, lakini ni ghali.

4. Kichwa. Kile kiibanacho bunduki humpumzisha mtu mikono. Kile cha panda humwezesha kuiondoa upesi. Vyovyote vile, kigeuke taratibu pasipo kelele, maana nguruwe haoni vizuri, lakini husikia na kunusa sana.

Tegemeo huituliza bunduki, bali halimpi mtu busara. Asiyejua kwa hakika ni mnyama gani aliye mbele yake, na nyuma ya mnyama huyo kuna nini, asifyatue. Huenda pana ng'ombe, au nyumba ya jirani.

Msomaji wa Kenya akumbuke kwamba kwetu uwindaji ulikatazwa mwaka 1977, na katazo hilo lingalipo. Nguruwe wakiharibu shamba lake, asishike silaha. Apeleke habari upesi kwa maofisa wa wanyamapori.