Sauti ya Bibi Ndani ya Boksi la Viatu

Likizo iliyopita nilirudi chuoni na boksi la viatu. Ndani kulikuwa na kanda kumi na moja ndogo za video pamoja na kamera ya mjomba, ile aliyokuwa akirekodia harusi pale Morogoro kabla simu hazijamnyang'anya kazi. Kanda moja imeandikwa kwa kalamu ya wino: "Sendofu ya mama mdogo." Humo, niliambiwa, bibi anasimama na kumuasa bintiye. Bibi alifariki miezi michache baadaye, na sauti yake haikurekodiwa mahali pengine popote. Mama alikuwa hajaitazama kanda ile tangu wakati huo. Mjomba akanionya kabisa: "Hizo zimeshaoza, mwanangu, usijisumbue."

Hazikuwa zimeoza. Lakini nilikaribia kuziharibu mwenyewe, na ndiyo maana naandika, maana najua wengi wenu mna boksi kama hilo juu ya kabati la mama.

Kanda zenyewe zinaitwa MiniDV. Zilitoka mwaka 1995, na kwa kawaida moja hubeba dakika 60. Watu huziweka kundi moja na VHS kwa sababu tu ni kanda, kumbe humo ndani mna data ya kidijitali, sifuri na moja, kama kwenye fleshi yako. Hapo ndipo somo lote lilipo. Ukiihamisha vizuri hurekodi upya, unanakili, na nakala inakuwa sawa na kanda yenyewe. Kwa hiyo fundi akikuambia achomeke zile waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, kisha akuchomee DVD, mshukuru na uondoke. Picha utapata, ila data itakuwa imegeuzwa kuwa mawimbi, ikarudishwa kuwa data, kisha ikabanwa. Kila hatua inapunguza kitu.

Njia sahihi ni tundu dogo kwenye kamera lililoandikwa DV au i.LINK. Jina lake lingine ni FireWire. Kamera nyingi za aina hii zina tundu la USB pia, na hapo ndipo wengi tunanaswa, kwani mara nyingi lile liliwekwa kwa ajili ya picha za mnato. Mimi nilifanya kosa kubwa zaidi. Nilitoa hela ya bumu nikanunua waya wenye FireWire upande mmoja na USB upande wa pili. Muuzaji aliniapia kwamba unafanya kazi. Haufanyi! FireWire na USB ni lugha mbili tofauti, na kuunganisha vichwa vya waya hakuzifanyi zielewane. Wiki nzima nililaumu kamera bure.

Unachohitaji ni kompyuta yenye FireWire yenyewe. Laptopu zetu za sasa hazina. Mimi niliazima kompyuta ya mezani ya zamani kwa jamaa wa hosteli ya jirani, tukachomeka kadi ya FireWire ndani yake. Zima kamera kabla ya kuunganisha waya, kwa sababu tundu kubwa la upande wa kompyuta hupitisha umeme na linaweza kuunguza kamera. Tumia chaja ya ukutani, usitegemee betri ya miaka ishirini. Ukiwa na Windows, programu ndogo ya bure iitwayo WinDV inatosha. Wa Linux wana dvgrab.

Sasa kanda yenyewe. Kabla ya yote, sukuma kile kiswichi kidogo ubavuni mwa kanda kiende kwenye SAVE, ili kidole kikiteleza kisibonyeze rekodi juu ya harusi ya watu. Kisha ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe mwanzo, maana kanda iliyolala miaka hushikamana. Mimi niliruka hatua hiyo na hedi sikuisafisha. Kanda ya kwanza ikatoa vibokisi vya rangi kwenye skrini, sauti ikawa inakatika, halafu kamera ikagoma kuitoa. Moyo ulinilipuka. Bahati nzuri haikuwa ile ya bibi. (Nilikuwa nimeiweka ya mwisho. Ukichukua ushauri mmoja tu hapa, chukua huo: anza na kanda usiyoijali.) Kanda ya kusafishia hedi ilipopita sekunde chache, vibokisi vikaisha.

Kazi haina njia ya mkato. Kanda ya saa moja inachukua saa moja. Itakula karibu GB 13, na usiielekeze kwenye fleshi iliyofomatiwa FAT32, kwani faili haliwezi kuvuka GB 4, yaani kama dakika 19 tu za video hii. Angalia pia idadi ya fremu zilizodondoka. Ikipanda, funga programu nyingine zote na urudie. Faili kubwa lihifadhi sehemu mbili tofauti. La kurusha kwenye grupu la ukoo utalibana baadaye kwa HandBrake, ila usisahau kuwasha kichujio cha kuondoa ile mistari inayotokea watu wakitembea.

Kitu ambacho sikukitarajia ni tarehe. Kamera hizi huficha siku na saa ndani ya data hata kama hazionekani kwenye picha. Nyumbani walikuwa wakibishana miaka yote kama sendofu ilikuwa 2003 au 2004. Kanda ilisema 18 Desemba 2004. Saa ya kamera inaweza kuwa haikuwekwa sawa, hivyo nilitazama kalenda: ilikuwa Jumamosi, siku ambayo mjomba anakumbuka.

Mama nilimpelekea dakika nne tu za kwanza. Alipiga simu akaniuliza kama naweza kuirudisha pale bibi anapokohoa kabla ya kuanza kusema.

Imebaki kanda moja. Ilirekodiwa kwa mwendo wa LP kwenye kamera ya mtu mwingine, na hizo zina tabia ya kukataa kamera nyingine. Kama kwenu kuna kamera ya MiniDV inayowaka, tutafutane.