Mchezo wa Rangi Tatu kwa Walezi wa Nyumbani

Huko Buna, Wajir Kaskazini, ngamia akikonda mchungaji humtambua kwa mbali. Mtoto aliyevishwa nguo hufichika. Ndiyo maana walezi hufundishwa kupima mkono kwa utepe, na somo hilo hushika upesi likichezwa mchangani kwa vijiwe, kama wazee wanavyocheza shax.

Chora vyumba vitatu: kijani, manjano, nyekundu. Kiongozi ataje kipimo cha mtoto wa miezi 6 hadi 59, kila mchezaji aweke kijiwe chake. Sentimita 13? Kijani. Sentimita 12? Manjano, kwa kuwa ni chini ya 12.5. Sentimita 11.4? Nyekundu, mpaka wake ni 11.5, na safari ya kituo cha afya ni leo leo.

Kisha utepe wenyewe. Mkono wa kushoto uning'inie, upimwe katikati ya bega na kiwiko, utepe usibane wala kulegea. Mwenzake apime upya. Wakitofautiana, warudie wote wawili. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hivyo pasiharakishwe.

Kijiwe cha mwisho ni cha mtego: utepe unaonyesha kijani, lakini nyayo zote mbili zimevimba. Bonyeza kwa kidole gumba sekunde 3. Shimo likibaki, mtoto huyo ni wa chumba chekundu, hata aonekane mnene.

Nyanya na akina baba nao wacheze, maana mama akienda kisimani mtoto huachwa nao. Asiye na utepe amuulize mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake.