Jumuiya Isiyoishia Kwenye Bahasha

Ukitaka kujua hali halisi ya jumuiya yenu, chukua daftari la katibu usome kumbukumbu za miezi mitatu iliyopita. Angalia ni mara ngapi yametajwa mambo ya fedha: zaka, mchango wa ujenzi, zawadi ya kumuaga padri. Kisha angalia ni mara ngapi wametajwa watu: nani alilazwa, nani amehamia mtaani, mtoto wa nani amekosa ada. Kama fedha zimejaza kurasa na watu wanaonekana tu kwenye orodha ya mahudhurio, mnacho kituo cha makusanyo. Jumuiya bado hamjaijenga.

Haya siyo yaliyokusudiwa. Mwaka 1973 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, walikubaliana kwamba maisha ya Kanisa yajengwe katika jumuiya ndogo za waumini wanaoishi jirani, na mwaka 1976 wakaufanya mkutano wao mkuu kuwa wa jambo hilo. Parokia ilikuwa kubwa mno kwa watu kujuana. Walutheri nao wana jumuiya zao za mitaani, na makanisa mengi ya Kipentekoste yana vikundi vya nyumbani. Majina na taratibu vinatofautiana, lakini ugonjwa ninaouzungumzia unawapata wote.

Dawa ya kwanza ipo tayari mikononi mwetu, ila tunaikata nusu. Jumuiya nyingi hutumia njia ya hatua saba ya kushirikishana Injili, iliyoenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia maneno yaliyotugusa, kukaa kimya, kushirikishana yaliyo moyoni, kuzungumzia kazi tunayoitiwa, kisha kusali. Tano za kwanza tunazijua. Tukifika ya sita, saa imekwenda, mwenyekiti anasema tuombe, halafu mhazini anafungua daftari. Hatua ya sita ndiyo inayomtoa mtu kwenye kiti na kumpeleka kwenye mlango wa jirani, na ndiyo tunayoiruka.

Basi ianzeni kwa swali moja: wiki hii nani miongoni mwetu, au katika mtaa huu, anahitaji mtu? Akitajwa, msiishie kusema “tutamtembelea”. Semeni nani atakwenda, siku gani, na atabeba nini. Mama aliyejifungua anahitaji mtu wa kufua na kuchota maji kuliko watu kumi wa kuimba. Mgonjwa anatosheka na wageni wawili wanaokaa muda mfupi. Mjane mnamfahamu: wiki ya msiba nyumba ilijaa, turubai likafungwa, sufuria zikarudishwa kwa wenyewe, na tangu hapo hakuna aliyebisha hodi. Andikeni tarehe ya mwezi mmoja baada ya mazishi, na nyingine ya miezi mitatu, mumpe mtu jukumu la kwenda. Mkutano unaofuata uanze kwa kuwasikiliza waliotumwa. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya sita, kinaeleza jinsi wajane wa upande mmoja walivyosahauliwa katika mgawo wa kila siku, na lawama ikazuka. Mitume hawakuhubiri upendo zaidi. Waliagiza wachaguliwe watu saba, wakawakabidhi kazi hiyo.

Kuhusu fedha, sisemi zifutwe. Parokia haiendeshwi kwa hewa. Ila zipewe muda wake, baada ya sala ya kufunga, au mkutano mmoja kwa mwezi. Na tafadhali, msibandike majina ya wasiolipa kwenye kundi la WhatsApp. Anayedaiwa mchango wa mwezi wa tatu mfululizo huenda hajauza kitu mwezi wa tatu mfululizo. Mhazini mwenye hekima humwita pembeni na kumuuliza, “Vipi hali nyumbani?” kabla ya kumuuliza lolote lingine. Nina hakika watu wengi tunaowaita wavivu wa sala waliondoka kwa aibu.

Aibu hiyo hiyo hukaa kwenye chai. Jumuiya inazunguka nyumba kwa nyumba, mmoja anatoa maandazi, anayefuata anaongeza mayai, na yule wa chumba kimoja cha kupanga anaanza kutoa udhuru kila zamu yake inapokaribia. Kubalianeni kwa sauti, kila mtu akisikia, kwamba hakuna kuandaa chochote zaidi ya maji ya kunywa. Chumba kikiwa kidogo, kaeni uani kwenye mikeka. Nyumba ya maskini isirukwe hata siku moja. Ikirukwa mara mbili, mwenyewe amekwisha kuelewa.

Sasa jambo gumu kuliko yote: midomo. Mtu hawezi kufungua moyo mahali ambapo maneno yake yatafika gengeni kabla yake. Wekeni sharti kwamba kila mtu anaongelea maisha yake mwenyewe, na kwamba hakuna kuleta ombi la sala juu ya mambo ya mwingine bila ridhaa yake. “Tumwombee dada fulani, ndoa yake inayumba” ni umbea uliovikwa rozari. Hata hivyo, siri ina mpaka. Kama mtoto anaumizwa au mtu anapigwa nyumbani, hilo halifunikwi kwa sala. Lipelekwe ustawi wa jamii au polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, na jumuiya isimame na aliyeumizwa.

Wanaume, kama kawaida, mtawaona wachache. Nisingeanza kwa kuwasema. Tazameni kwanza saa ya mkutano kama inalingana na saa za bodaboda, za duka na za zamu za ulinzi, kisha wapeni kazi za hatua ya sita zinazoonekana: kuezua na kuezeka bati la bibi, kumfuatilia kijana aliyeacha shule.

Na yule ambaye hamjamwona mwaka mzima, anayejitokeza kwa sababu anahitaji barua ya jumuiya ili mtoto abatizwe? Wengi humfanyia kesi: alikuwa wapi, anadaiwa kiasi gani. Mkaribisheni aketi. Mwulizeni jina la mtoto na mahali wanapoishi, halafu, kabla ya kuzungumzia barua, mwambieni Jumamosi watu wawili watafika kumwona mtoto. Taratibu za parokia zifuate baadaye, na zifuate kweli. Waliotumwa wakifika, wasibebe daftari.