Areka Chunguni, Kipsing

Mwenye kutaka kufuga mnazi, mtende, mpopoo au jamaa yao yeyote ndani ya nyumba, na afahamu kwanza kwamba jamii hii ya mimea haina tabia za mwembe wala mwarobaini. Kwani uhai wa kila shina umewekwa katika shaha moja tu kileleni, nalo likioza au likikatwa, shina lile limekwisha. Na mizizi yake, ambayo yote hutokea kitakoni mwa shina, hainenepi kadiri miaka inavyopita, wala ukiikata ovyo huna hakika kwamba itachipua tena. Ndiyo sababu nasema, na majirani wameshachoka kunisikia, kwamba areka, mmea wa jamii hii hii, ikifa baada ya kuhamishwa aghalabu imeuawa na pupa ya mwenyewe: ama amefumua mizizi, ama ameipa chungu kikubwa kupita kiasi, ama ameizamisha kwa maji.

Areka ninayoisema asili yake ni mashariki ya Bukini, nchi ya mvua nyingi, ilhali Kipsing, hapa Isiolo, ni nchi ya migunga na mchanga, ambapo mvua hutazamiwa Machi hata Mei na tena Oktoba hata Disemba, na mara nyingi hutazamiwa tu. Wapo walioniuliza kwa nini nisifuge mkoma, ulio mwenyeji wa kaskazini hii na ambao kina mama wa Kiturkana husuka vikapu kwa makuti yake. Jawabu ni kwamba mbegu ya mkoma, kabla ya kutoa jani lolote juu, hupeleka chipukizi lake chini sana ardhini kutafuta unyevu, na sijui chungu gani kitauridhisha mti wenye haja kama hiyo.

Wakati bora wa kuhamisha ni masika yakishaanza, hewa ikiwa na unyevu na mmea umo katika kukua. Kuhamisha Septemba, upepo mkavu ukivuma mchana kutwa, ni kuutia mmea katika taabu mbili kwa pamoja. Wala si kazi ya kila mwaka. Areka hupenda kubanwa kidogo, basi ngoja miaka 2 au 3, hata uone mizizi imetokeza matunduni, au maji unayoyatia yanapita kandokando pasipo kunywewa. Chungu kipya kizidi cha kwanza kwa upana wa sentimita 5 hivi, wala kisizidi hapo, kwa kuwa udongo mwingi usio na mizizi hukaa umelowa, na palipolowa daima ndipo uozo uanzapo. Mimi hutumia mtungi wa plastiki wa lita 20 uliokatwa shingo na kutobolewa kitako kwa msumari wa moto. Haupendezi machoni, lakini haupotezi unyevu ubavuni kama chungu cha udongo, na katika joto hili hiyo ni faida.

Udongo wangu ni makarai 2 ya udongo mwekundu, makarai 2 ya mchanga wa laga (mto wa msimu), na karai 1 la samadi ya mbuzi. Mchanga uwe wa chenga kubwa, uliochekechwa hata vumbi lake likatoka. Na samadi iwe kuukuu, iliyonyeshewa msimu mzima nje ya zizi, maana ile mbichi ina chumvi nyingi na huunguza mizizi. Watu wengi huweka kokoto chini ya chungu wakidhani maji yatatoka upesi. Sioni maana yake: maji hukwama pale pale udongo unapokutana na kokoto, na kokoto zenyewe zimekwisha kula nafasi ya mizizi. Kipande cha chandarua kikuukuu juu ya matundu chatosha.

Siku moja kabla ya kazi mwagilia mmea vizuri, ili bonge la udongo lishikamane. Kisha ulaze ubavu juu ya gunia, na kama umo mfukoni, upasue mfuko kwa wembe toka juu hata chini, wala usivute mashina. Hapo tazama kwa makini: mizizi mizima ni migumu, na ncha zake nyeupe, iliyooza ni myeusi, ukiibana kwa vidole ganda lake huvuka likabaki mkononi, na katikati ukasalia uzi mwembamba, wenye harufu ya matope ya mikoko. Hiyo iliyooza ikate kwa kisu kilichopitishwa motoni. Mizima iache, hata ile inayozunguka kitako, ila uilegeze kidogo tu. Utaona pia kwamba ulichodhani ni mmea mmoja ni miche mingi iliyopandwa pamoja. Usitamani kuigawa, kwani mizizi yake imekwisha shikana, na utakaoupasulia mwenzake huenda usipone. Kitako cha shina kikae usawa ule ule kilipokuwa, si chini zaidi, si juu zaidi; shindilia udongo kwa vidole, uache nafasi ya vidole viwili chini ya ukingo, umwagilie mpaka maji yatoke chini, kisha uuweke kivulini kwa majuma mawili bila mbolea ya aina yoyote.

Baada ya hapo dirisha la mashariki lafaa sana, lenye jua la asubuhi, na chungu kiwe mbali na ukuta wa mabati, ambao ifikapo adhuhuri huunguza majani. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole udongoni hata kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, ahirisha. Maji ya visima virefu katika nchi kavu mara nyingi yana chumvi, nayo hujionyesha kwa utando mweupe juu ya udongo na ncha za majani kugeuka kahawia. Ya mvua ni bora kuliko yote. Misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo, toka mwisho wa 2020 hata 2022, na watu wakachimba laga kutafuta maji ya kunywa, areka yangu ilikunywa maji yaliyooshea mchele, na haikudhurika.

Jani la zamani likigeuka njano kingoni na kubaki kijani katikati, mmea una upungufu wa magnesi, na kijiko cha chumvi ya haluli katika lita 4 za maji husaidia majani yajayo. Majani yakiwa na vumbi jeupe na utando chini yake, huo ni utitiri, upendao hewa kavu. Yapanguse kwa maji ya sabuni.

Kuna na mbuzi. Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, alichungulia mlangoni akasema, "Mwalimu, mbona chakula cha mbuzi umekifungia ndani?" Nikamjibu, "Mama, mbuzi wako wamekwisha maliza cha nje chote, niachie hiki." Areka wakiila haitawadhuru. Ila jihadhari na wauza miche wanaokupa jamii ya mtapo kwa jina la mtende wa mapambo: huo si mtende kabisa, na mbegu zake zina sumu kwa mtoto na kwa mnyama.

Mmea ukishakuwa mzito hata haunyanyuliki, hauna haja ya kuhamishwa tena. Kila mwanzo wa masika ondoa udongo wa juu kiasi cha vidole vitatu, polepole ili usikwaruze mizizi, ujaze mchanganyiko mpya.