Mahakama ya Afrika Mashariki: unaweza kuishtaki nchi yako, lakini usichelewe

Nimeshindwa Mahakama ya Rufani. Nikate rufaa Arusha?

Hapana. Wengi wanaojibiwa hivyo hudhani wamezungushwa, maana wazee wao waliwaambia vingine. Wazee hawakukosea. Iliwahi kuwepo Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyopokea rufaa kutoka mahakama kuu za Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika mwaka 1977, nayo ikafa, na kila nchi ikajitafutia yake. Ya Tanzania ilianza mwaka 1979.

Iliyopo leo ina kazi tofauti kabisa. Imetokana na Mkataba wa Jumuiya ya sasa uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na ilizinduliwa miaka miwili baadaye, Novemba 2001. Swali lake kuu ni moja: je, kitendo, sheria au uamuzi wa serikali, au wa chombo cha Jumuiya, unalingana na Mkataba? Mgogoro wa kiwanja, mirathi au mkopo wa benki unabaki kwenye mahakama za nchini mwako.

Nani anaruhusiwa kufungua shauri?

Mkazi yeyote wa nchi mwanachama, awe mtu binafsi, chama au kampuni. Nchi zenyewe na Katibu Mkuu wa Jumuiya nao wana njia zao, na wafanyakazi wa Jumuiya hupeleka huko madai yao ya kazi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba huhitaji kwanza kupita mahakama zote za nchini mwako.

Hapo ndipo inapotofautiana na jirani yake, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo nayo iko Arusha na watu huzichanganya kila siku. Ile ni ya Umoja wa Afrika. Kule lazima kwanza umalize njia za kisheria za nyumbani, na raia hawezi kwenda mwenyewe mpaka nchi yake iwe imetoa tamko la kumruhusu. Tanzania iliondoa tamko lake mwaka 2019.

Kwa nini ina divisheni mbili?

Jibu la kwenye vitabu ni kwamba anayeshindwa apate pa kukata rufaa. Historia ina jibu refu zaidi. Mwaka 2006, Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake walilalamika kuwa wabunge wa Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki hawakuchaguliwa kama Mkataba unavyotaka. Novemba mwaka huo Mahakama ikatoa zuio, na wabunge hao hawakuapishwa. Serikali zilikasirika. Ndani ya miezi michache Mkataba ukarekebishwa: ikaundwa Divisheni ya Awali na Divisheni ya Rufaa, zikaongezwa sababu za kumsimamisha au kumwondoa jaji, na mlango wa raia ukawekewa muda. Hata hivyo, Machi 2007 Mahakama iliamua kwamba utaratibu wa Kenya ulikiuka Mkataba.

Majaji huteuliwa na mkutano wa wakuu wa nchi kwa kipindi kisichozidi miaka saba. Divisheni ya Awali inaongozwa na Jaji Kiongozi, na Rais wa Mahakama anaongoza ile ya Rufaa.

Huo muda ni upi?

Miezi miwili. Inahesabiwa tangu sheria ilipotungwa, uamuzi ulipotolewa au kitendo kilipofanyika. Au, pasipo hivyo, tangu siku ulipopata habari.

Kwa maoni yangu hiki ndicho kifungu kikali kuliko vyote katika Mkataba, na kimezika mashauri mazito. Shirika moja la Kenya, Independent Medico-Legal Unit, lilipeleka madai ya mauaji na mateso yaliyotokea Mlima Elgon kati ya mwaka 2006 na 2008. Divisheni ya Awali ilikubali kuyasikiliza. Mwaka 2012 Divisheni ya Rufaa ikayatupa kwa kuchelewa, ikikataa hoja kwamba ukiukaji unaoendelea hauhesabiwi siku. Kwa hiyo usisubiri kwanza barua ya tatu ya wizara, wala kamati iliyoahidiwa. Siku zinakwenda.

Inasikiliza haki za binadamu?

Kwa jina, bado. Mkataba unasema mamlaka hayo yataongezwa kwa itifaki ya baadaye. Lakini katika shauri la Katabazi la mwaka 2007, lililotokana na askari wenye silaha kuizingira Mahakama Kuu ya Kampala ili kuwakamata tena washtakiwa waliopewa dhamana, majaji walisema hawataacha kutafsiri Mkataba eti kwa sababu madai yanagusa haki za binadamu. Utawala wa sheria umo ndani ya Mkataba, na mawakili wamepita njia hiyo tangu hapo. Mwaka 2014 Mahakama ilizuia barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti. Mwaka 2019 ikaona vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania vinakiuka Mkataba.

Serikali ikikaidi hukumu?

Mkataba unaitaka itekeleze bila kuchelewa. Hukumu ya fedha hukaziwa kwa taratibu za madai za nchi husika. Nyingine hutegemea zaidi utashi wa serikali na kelele za wananchi, kwa kuwa Mahakama haina polisi.

Naanzia wapi?

Si lazima usafiri hadi Arusha. Kuna masjala ndogo Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Kigali na Bujumbura. Wakili mwenye haki ya kusimama katika mahakama ya juu ya nchi yoyote mwanachama anaweza kukuwakilisha, hata kama si wa kwenu. Nyaraka ziandaliwe kwa Kiingereza, ambacho Mkataba ulikitaja kuwa lugha ya Mahakama. Kwa chombo cha watu wanaosalimiana kwa Kiswahili kutoka Bujumbura hadi Mombasa, hilo nalo lingefaa kupelekwa mbele ya majaji.