Dondoo muhimu: Ukiachishwa kazi, hesabu siku

Kwa wafanyakazi wa mkonge Korogwe na Handeni: ukiona umeachishwa isivyo halali, una siku 30 tu za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Wengi huzimaliza wakimbembeleza meneja. Madai mengine, kama malimbikizo ya mshahara, yana siku 60.

Huna mkataba wa maandishi? Nenda hivyohivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi.

Baada ya mwezi wa kwanza kazini, notisi ya kusitisha ajira ni siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Kibarua wa kutwa, siku 4. Mfanyakazi akikataa kuitumikia notisi, anaweza kukatwa malipo yake.